Mama Mkwe na Lifti ya Wakorea

Kiangazi chote cha mwaka jana niliangalia filamu za Kikorea nikiwa nimesimama mlangoni pa jikoni, ndani ya nyumba ninayolipia kodi mwenyewe. Sebuleni viti vilikuwepo. Lakini kwenye kochi alikuwa amekaa mama mkwe wangu, na kwetu mwanamume hakai sebule moja na mama wa mke wake.

Najua wapo watakaocheka. Zipo sehemu ambako mkwe na mama mkwe wanakula sahani moja na kutaniana mpaka majirani wanaona haya. Kwetu mkoani Mara hapana, angalau kwa koo zetu sisi. Mama mkwe humtazami usoni, huli mbele yake, hupishani naye kizingitini, na ukimwona anakuja njiani unachepuka kwenye mihogo mpaka apite. Si uadui, ni heshima. Na heshima hiyo ina mwisho wake: siku mama mkwe mwenyewe atakapokusemesha ana kwa ana, bila kupitia kwa mtu, mwiko umefunguliwa, unakaribishwa ukae. Wenzangu wengi walisemeshwa alipozaliwa mtoto wa kwanza. Mtoto wangu wa kwanza, ambaye ndiye wa mwisho, ana miaka kumi na nne na ananikaribia urefu, na mimi nilikuwa bado nangoja.

Mila hiyo waliitunga watu wenye mashamba. Hawakuwa wameiona flati ya vyumba viwili Woolwich, hapa London, ghorofa ya nne, yenye korido ambayo watu wawili wakikutana lazima mmoja avute tumbo ndani. Siku mama mkwe alipofika uwanja wa ndege nilimpokea nikiwa nyuma ya mashine ya kahawa. Mke wangu na binti yetu wakamkumbatia, wakalia, wakapiga picha. Mimi nikasogezewa masanduku. Treni inatoka pale moja kwa moja mpaka Woolwich, wao wakapanda behewa moja, mimi nikapanda la nyuma na mizigo yote, na mzungu mmoja mwenye huruma akaniuliza kama nimepotezana na familia yangu. Nikamwambia hapana, ipo behewa la mbele. Akanihurumia zaidi.

Nyumbani tukajipanga. Mama akitaka kwenda bafuni anakohoa kwanza, nami najitosa jikoni. Nikitoka kazini, kwenye ghala la vyakula vya abiria wa ndege kule Hayes, napiga simu nikiwa ngazini ili njia isafishwe. Chakula changu nilikula nimesimama karibu na jiko. Shikamoo nilimpa kila asubuhi kupitia ukutani, na marahaba ikarudi kupitia ukutani.

Kusimama hakukunisumbua, kazi yangu yenyewe ni ya kusimama. Kilichonisumbua ni kwamba mama huyu hakutaka binti yake aolewe na mimi, na kila mtu alilijua hilo. Enzi zile yeye alikuwa mama wa kanisa, anaheshimika Musoma nzima, ana binti anayesomea uuguzi Mwanza. Mimi nilikuwa mtafsiri wa filamu kwenye banda la video huko huko Mwanza. Mposaji gani huyo? Alituma maneno kupitia kwa mashangazi, maneno makali, halafu siku moja maneno yakakoma tu, ndoa ikafungwa. Harusini alikaa na uso wa mtu anayengoja basi lililochelewa. Tangu hapo, salamu za simu kupitia kwa mke wangu, basi. Sasa umri ulikuwa umekwenda, magoti yanamsumbua, na sote tulijua kwamba safari ya namna ile haitakuwepo nyingine. Nilitaka nijue jambo moja kabla hajaondoka: je, bado anajuta kuniachia binti yake? Ningemuulizaje, wakati hata njia ya bafuni tunapeana kwa kukohoa?

Kwa ambaye hakukulia kwenye mabanda, nieleze kazi yangu ya zamani. Banda lina mabenchi, televisheni, na giza. Pembeni anakaa mtafsiri na kipaza sauti. Filamu ya Kichina au ya Kihindi inapita, na yeye anawasemea wote waliomo: stelingi, yaani shujaa wa filamu, adui, mchumba wa stelingi, hata ng'ombe akipita. Kichina hakijui wala hana haja ya kukijua. Anaangalia midomo na mikono, mengine anajaza mwenyewe, na mtu aliyelipa kiingilio anatoka ameridhika. Nilikuwa mzuri. Nasema hivyo bila haya kwa sababu hapa London hakuna mtu wa kunisemea.

Filamu zenyewe ziliingia nyumbani kwa mkono wa binti yetu. Yeye kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, hata cha kunong'ona, lakini ukimsemesha anakujibu Kiingereza. Bibi yake Kiingereza hajui. Wiki za kwanza walikuwa wanakaa kochi moja wakitabasamu kama wageni kwenye foleni ya daktari. Halafu wakagundua kwamba wote wawili wanapenda Wakorea. Bibi alikuwa amezizoea tamthilia za mapenzi zinazoonyeshwa kwenye televisheni za nyumbani, zimewekwa sauti za Kiswahili. Mjukuu yeye alipenda zile za kutisha na kuchanganya akili: mvua, korido ndefu, mtu anayefuatwa na mtu ambaye pengine ni yeye mwenyewe. Tena karibu zote zilikuwa za kurudi nyuma, mtu wa leo anajikuta miaka iliyopita. Bibi akakubali. Mkorea ni Mkorea.

Shida ilikuwa lugha. Mle ndani wanasema Kikorea, na chini yanapita maandishi ya Kiingereza. Kazi ya kutafsiri ikamwangukia mke wangu. Mke wangu ni muuguzi hodari, wagonjwa wanampenda, lakini kutafsiri filamu Mungu hakumjalia. Mwanamke wa Kikorea atapiga magoti kwenye matope, atalia, atamshika mtu koti, atamtupia kiatu, atasema maneno ya kujaza ukurasa mzima. Mke wangu anasema, "Amekasirika."

"Hayo yote ni kukasirika tu?" mama anauliza.

"Amekasirika sana."

Mimi nipo jikoni nasonga ugali, nasikia. Nilivumilia Jumapili ya kwanza. Jumapili ya pili Mkorea mmoja akasimama juu ya paa, upepo unampiga, mkononi ana simu ya marehemu baba yake, na simu inaita. Mke wangu akasema, "Simu inaita." Nikashindwa. Mwiko mkononi, nikajikuta nimefika mlangoni na sauti yangu ya zamani imetoka yenyewe:

"Ndugu watazamaji! Huyu kijana baba yake alizikwa, na simu hii ilizikwa naye! Sasa nani anapiga? Anasema, nipokee au nisipokee? Nikipokea nitamsikia baba, nisipopokea nitajilaumu maisha yangu yote. Mkono huo unatetemeka... amepokea! Haloo, mwanangu, umekula?"

Nikajua nimeharibu. Nimepaza sauti mbele ya mama mkwe, tena na mwiko.

Mama hakugeuka. Akamwambia mjukuu wake, taratibu kabisa, "Mjukuu wangu, hii televisheni yenu imeanza kusema Kiswahili?"

Binti yangu akaniangalia, akamwangalia bibi, akaelewa. "Yes, Bibi."

"Vizuri. Iacheni iendelee."

Ndivyo nilivyogeuka televisheni. Mwiko haukuvunjika, maana hakuna mila duniani inayomkataza mama mkwe kusikiliza televisheni. Kila Jumapili baada ya ibada, na siku nyingine mchana nikiwa na mapumziko, nikawa nasimama mlangoni na kuwasemea Wakorea. Mama akiwa na swali alilipitisha kwa mjukuu: "Mwambie mtafsiri, huyu wa koti jeusi ni nani yake?" Jibu nililitoa kwa watazamaji wote kwa ujumla.

Zile filamu zilinipa taabu. Kwenye banda tulikuwa na sheria moja ambayo hata mtoto anaijua: stelingi hafi. Watu wamelipa, hawawezi kwenda kulala stelingi amekufa. Wakorea hawaijui sheria hiyo. Wanamuua stelingi kabla hujamaliza kuosha vyombo. Unamlilia, unamzika, unamtafutia watazamaji stelingi mwingine, na ghafla yule wa kwanza anaingia mlangoni na mwavuli, mzima, ana nywele nyingi kuliko alipokufa.

"Mwambie mtafsiri, huyu si tulimzika?"

Isitoshe, kutoka jikoni maandishi ya chini sikuyaona vizuri. Miwani yangu ni ya kusomea karibu. Kwa hiyo nilifanya kama zamani, nilitazama midomo na mikono, nikajaza. Mara moja nilimfanya mtu na yeye mwenyewe wa miaka ishirini iliyopita wawe mjomba na mpwa, nikaenda nao hivyo nusu saa nzima, nikawapa hadi ugomvi wa shamba. Binti yangu alicheka mpaka akateleza kwenye kochi. Akamweleza bibi yake kwa vidole, huyu na huyu ni mmoja, na bibi akasema, "Mimi niliona mapema masikio yanafanana. Nikasema ngoja televisheni ijikanyage."

Taratibu nikazielewa. Kuna kitu Wakorea wanafanya ambacho nilianza kukipenda. Hawarudi nyuma kwenda kuona wafalme wala vita. Hawana mitambo yenye taa. Mtu anapanda lifti, anapokea simu, anavaa saa ya mtu mwingine, na anarudi kwenye mchana mmoja wa kawaida kabisa, kwenda kufunga mlango aliousahau wazi, au kumwambia mtu usitoke leo. Halafu anachanganyikiwa, na wewe unachanganyikiwa naye: amerudi kweli, au kichwa chake kimechoka kujilaumu kimeamua kujitungia njia? Nikiwa kwenye treni kwenda Hayes nilijikuta nawaza mchana wangu ungekuwa upi. Nilipata mingi, nyingi ya sababu zake ni za kipumbavu.

Mama mkwe alikuwa na kesi na jambo hilo lote. "Sisi tunasema maji yakimwagika hayazoleki," alimwambia mjukuu wake. "Hawa wanarudi na ndoo na tambara! Wanazoa, wanamwaga pengine. Angalia huyu binti alivyomwokoa kaka yake, dada yake akapata ajali. Angeacha tu."

"But she had to try, Bibi," mjukuu akabisha, kwamba ilimbidi binti wa watu ajaribu.

"Anasemaje?" mama akauliza.

Mke wangu akasema, "Anakataa."

Hapo ndipo tulipokuwa, nyumba yenye raha kuliko ilivyowahi kuwa, wakati Jumapili moja, safari ya mama ya kurudi imekaribia, binti yangu alipochagua filamu bila kujua alichochagua.

Ilikuwa ya mama mmoja mjane, fundi cherehani. Binti yake wa pekee ameolewa, na siku moja binti anatoweka. Polisi hawaoni kitu. Mama yule anaamini kwamba mkwe wake ndiye aliyemdhuru. Sasa kwenye jengo wanaloishi wale vijana kuna lifti, na siku za mvua lifti hiyo, ukibonyeza kitufe ambacho hakina namba, inakufikisha ghorofa ile ile miaka ya nyuma. Mama anaigundua. Anaamua kurudi akazuie harusi.

Nilipolielewa hilo nikahisi ugali umenikaba, na sikuwa nakula ugali. Mke wangu, aliyekuwa ameloweka miguu kwenye beseni la maji ya moto baada ya shifti, akainua macho akaniangalia. Mama alikuwa ameegemea mbele, mikono magotini.

Ningefanyaje? Nilifanya ambalo mkwe yeyote angefanya. Nilimtetea mwenzangu.

Mkwe wa Kikorea akaingia nyumbani ameloa mvua, akanawa mikono kwa muda mrefu, akaficha kitu kwenye droo. Muziki ukawa wa kutisha. "Ndugu watazamaji," nikasema, "huyu kijana ametoka kazini amechoka. Ni msafi, ananawa kabla ya kula. Sasa anaweka kisu mahali pake maana nyumba yenye utaratibu haiachi visu ovyo."

Mama akaikodolea macho ile droo.

Mkwe akamfokea fundi cherehani kwenye simu, mshipa wa shingo umemtoka. "Anasema shikamoo mama, mtandao unasumbua, inabidi nipaze sauti."

Binti yangu akageuka. "Dad, that's not what it says," akalalamika, kwamba maandishi hayasemi hivyo.

"Tulia, angalia picha."

Mkwe akachimba shimo bustanini. "Anapanda mti wa matunda," nikasema, lakini hata mimi nilisikia sauti yangu imepungua.

Mama mkwe akanyoosha mkono, akachukua rimoti, akabonyeza. Tangu afike alikuwa hajaigusa rimoti ile. Nilidhani hajui hata inavyofanya kazi. Mkorea akaganda na sepetu yake hewani.

"Mjukuu wangu," akasema, "mwambie mtafsiri atafsiri. Kumtetea mtu hatukumtuma."

Mke wangu akacheka mpaka maji yakamwagika kwenye zulia. Tukapata chai. Mimi nilikunywa yangu nikiwa nimeipa sebule mgongo, nikiosha sufuria safi. Binti yangu akaja jikoni, akanivua miwani ya kusomea, akanivisha ile ya zamani niliyokuwa nayo kabla sijabadilisha, ambayo kwa mbali inaona kiasi. Akanipiga bega kidogo, kama vile mimi ndiye mtoto. Kisha akarudi kwa bibi yake.

Sehemu ya pili nilitafsiri kwa haki. Fundi cherehani anarudi nyuma mara ya kwanza, anawazuia wale vijana wasikutane. Akipanda lifti kurudi leo, anamkuta binti yake yupo hai na salama, lakini ni mtu mwingine: anaishi peke yake, hacheki, mama yake akimpigia simu anajibu kama anaongea na benki. Mama haridhiki. Anarudi tena, safari hii anawaacha wakutane ila anawagombanisha. Akija leo, mambo ni mabaya zaidi. Na kila anapopita anagundua kipande kimoja. Kisu kilikuwa cha binti. Mumewe alikuwa anamfichia, kwa sababu binti alikuwa na ugonjwa wa akili ambao mama hakutaka kuuona tangu akiwa mdogo. Kufoka kwenye simu kulikuwa kwa mtu asiyelala siku nyingi. Shimo lilikuwa la kumzika paka. Mkwe hakuwa malaika. Alikuwa mtu aliyeelemewa, na bado akabaki.

Sikuongeza hata neno. Nilipowasemea wale wawili, mama na mkwe, wamekaa korido ya hospitali kila mmoja benchi lake, sikuhitaji kujaza.

Mwisho, mvua inanyesha, fundi cherehani anapanda lifti mara moja ya mwisho. Milango inafunguka: siku ya harusi. Mbele yake kuna mlango mkubwa, nyuma ya mlango muziki na vicheko. Akiufungua na kusema anayoyajua, harusi imekwisha. Anasogea. Anashika kitasa. Kioo kikawa cheusi, majina yakaanza kupanda.

Tulikaa tukiyatazama majina.

"Mwambie mtafsiri," mama akasema, "amefungua au hakufungua?"

"It doesn't say, Bibi." Mtoto akaonyesha mikono mitupu, kwamba filamu haisemi.

Kwenye banda, filamu isiyo na mwisho huvunja mabenchi. Nilishatunga miisho mingi maishani mwangu, watu wakaenda nyumbani kwa amani. Na huu nilikuwa nao tayari mdomoni: hakufungua, aligeuka, akapanda lifti, akarudi leo akawakuta wote mezani. Ningeweza kuusema. Lakini ingekuwa najijibu mwenyewe. Nikanyamaza, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza televisheni ile kukosa la kusema.

Ndipo binti yangu alipogeuka kwa bibi yake. Alichukua muda, nikaona anapanga maneno kama mtu anayevuka mto juu ya mawe.

"Bibi," akasema kwa Kiswahili. "Wewe... ungefungua? Mlango wa Mama na Baba?"

Miguu ya mke wangu ikatulia ndani ya beseni. Mimi nikatazama sakafu. Vigae vya jikoni kwangu vina maua madogo ya bluu, sikuwahi kuviona vizuri mpaka siku hiyo.

Mama akaweka sawa kitenge chake. Akashika mkono wa kochi, akageuza magoti yake mabovu, moja kisha la pili, mpaka akawa ameelekea jikoni mzima mzima.

"Mkwe," akasema.

Hakusema mwambie. Alisema kwangu.

"Mimi lifti hiyo nilishaipanda. Ilikuwa basi la Mwanza. Niliposikia anataka kuolewa na mtu wa kwenye mabanda, nilipanda basi nikaenda kumfungashia vitu vyake. Nikasema kwanza nimwone huyo mtu kwa macho yangu. Nikauliza banda, nikaonyeshwa, nikalipa kiingilio na wahuni, nikajifunika kitenge, nikakaa benchi la nyuma."

"Mama!" mke wangu akasema. "Lini?"

"Nyamaza, naongea na mkwe wangu." Hakuniondolea macho. "Ilikuwa filamu ya Wachina wa mateke. Ndani ya filamu kulikuwa na bibi mmoja kapinda mgongo, anauza supu. Vijana wote bandani wakaanza kumzomea, mchawi huyo, mchawi huyo. Nikasema haya, sasa nitamsikia mchumba wa mwanangu. Ukamsemea yule bibi. Ukampa maneno ya mtu mwenye akili na heshima zake, akawatania wale vijana mpaka banda likacheka pamoja naye. Hawakumcheka tena. Sasa mimi nikajiuliza. Yule Mchina hakusikii. Mimi hunioni. Hao wahuni wangefurahi zaidi ungemtukana. Nani amekulazimisha?"

Akasugua goti lake moja.

"Nikakaa mpaka ikaisha. Asubuhi nikapanda basi nikarudi Musoma, na maneno ya mashangazi nikayakomesha. Mlango niliushika, nikauacha. Na sijautamani tena hata siku moja."

Mke wangu alikuwa anafuta macho kwa taulo la miguu. "Sasa harusini mbona ulinuna vile?"

"Viatu vilinibana."

"Na kumsemesha? Miaka yote hii, Mama?"

"Mtu yuko Ulaya, nimsemeshe kwa simu? Mila ni ana kwa ana." Akasita kidogo, na kwa mara ya kwanza nikamwona ameona haya. "Na hapa nilipofika nilikuwa natafuta siku nzuri ya kukusemesha. Lakini ukaanza kutafsiri. Nikasema, nikimfungulia, huyu atakuja kukaa hapa kwenye kochi aache kutafsiri, na mimi nitabaki na huyu wa amekasirika, amekasirika sana. Nikasema ngoja kwanza. Njoo ukae, baba."

Nikaja. Nilitembea sebuleni kwangu kama mtu anayeingia kanisani amechelewa, nikakaa pale aliponionyesha, na yeye akawa ananingoja niseme neno. Mimi, niliyewasemea Wachina, Wahindi, Wakorea na ng'ombe wao, nilifungua mdomo na hakikutoka kitu. Nikajaribu tena, ikawa vile vile.

Binti yangu aliniangalia usoni, akaangalia mikono yangu, nikajua anachokifanya, maana ndivyo kazi ile inavyofanywa. Kisha akamgeukia bibi yake.

"Bibi, Baba anasema asante," akasema kwa Kiswahili. Akatafuta maneno. "Anasema... alikuwa anaogopa. Siku nyingi. Anasema sasa haogopi."

Mama mkwe akamsikiliza mpaka mwisho, halafu akaniuliza mimi mwenyewe, "Ametafsiri sawa?"

Nikaitikia kwa kichwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika.